Dirisha Lililoomba Ruhusa

Papa Zacharie alikufa Jumatatu, na Jumatano kompyuta yenye jina lake ikamfuata. Mtaani Mangobo hakuna aliyeshangaa. Umeme wa huku ukikatika hurudi na hasira, na kitu kilichosahauliwa kwenye prizi kinajitakia. Félicité, binti yake, ndiye aliyeisahau. Alikuwa akipokea wageni wa matanga, akitafuta viti kwa majirani, akibishana na mwenye turubai, na kumbe mashine ilikuwa inawaka chumbani peke yake. Betri yake ilikwisha zamani, ikawa inaishi kwa prizi tu. Umeme ulikwenda, ukaja, ukaenda tena, na kila mara ukaiangusha.

Jina lenyewe si Zacharie. Hilo la ubatizo lilijulikana hata na muuza majeneza. Lililokuwa ndani ya kompyuta ni jina lake la lokole, ile ngoma ya gogo lililochimbwa tumbo ambayo watu wa mto, wa Yanonge na Isangi, walisemezana nayo kabla simu hazijafika. Huko mtu alikuwa na jina refu la kupigwa, lake pamoja na la baba yake na la upande wa mama yake, ili ngoma ikimtaja asichanganywe na mwingine. Akifa, jina hilo hupigwa kando ya mto, wenzake walio mbali wajue ni nani ameondoka. Siku hizi wanaoyakumbuka majina hayo ni wa kutafuta kwa tochi.

Mzee alilijua la kwake, na kaka zake waliolijua walikuwa wamemtangulia. Mwaka uliopita, moyo ulipomsumbua mara ya kwanza, alikaa uani akalipiga polepole kwenye lokole ndogo, kisha akalitamka kwa mdomo. Hugues, mtoto wake wa mwisho, akalirekodi kwa simu yake, akalihamishia kwenye kompyuta ya dada yake, maana simu ya Félicité ilikuwa imejaa picha za mitindo ya nguo. Simu ya Hugues iliibiwa sokoni mwezi uleule, lakini hakuna aliyehangaika, jina lilikuwa mahali salama.

"Siku nitaenda, basinipige sawa mugeni," mzee alisema, yaani wasimtangaze kama mgeni asiye na jina, kisha akaomba chai.

Félicité alikuwa palepale akipiga pasi. Alisikia kila kitu na hakukariri hata kimoja. Nani hukariri jambo ambalo mashine imeshalishika?

Sasa alikuwa amesimama mbele ya kioo cheusi. Alikizoea kikiwa na rangi na picha ndogondogo za kubofya. Leo kulikuwa na mistari myeupe ya Kiingereza, na chini kabisa kialama kinachopepesa, kama mtu aliyeuliza swali akanyamaza. Alizima, akawasha. Mistari ikawa ileile. Akamwita mume wake.

Yannick ni karani wa serikali, mmoja wa wale ambao mshahara wao huja siku ukijisikia kuja. Aliitazama kompyuta mikono ikiwa nyuma, kama mkaguzi wa shule, akasema ule ni mfumo wa Hugues na kwamba yeye alishaonya. Kuonya alionya kweli. Hugues aliweka mfumo wa bure, akasema virusi vinavyokula kompyuta za mjini havitauweza, na havikuuweza. Ila alimwomba dada yake jambo moja: ajifunze kuandika amri chache kwenye kidirisha cheusi, ili mashine ikikwama aweze kuisemesha. Félicité alicheka. Yeye ni mshonaji, akasema, na ameshona miaka yote hii bila kujua cherehani inatengenezwaje, fundi yupo. Hugues akamuuliza kama humwita fundi pia wa kubadilisha sindano. Hilo lilimuudhi, na mtu aliyeudhiwa na ukweli hujitia kazi nyingi. Kila Hugues alipotaka kumfundisha, kulikuwa na gauni la harusi linalongoja.

Habari haikukaa chumbani. Mpaka chakula cha mchana kinapakuliwa, watu wote chini ya turubai walijua kwamba kompyuta ya Félicité imekataa kufunguka na jina la marehemu limo ndani. Ikawa mada. Matanga yana muda mwingi na mambo machache, na wanaume wakiisha kula pondu hutafuta cha kubishania.

Yannick alishika upande wa kwanza kwa sauti ya ofisini. Alisema yeye huwasha televisheni bila kujua kilicho ndani yake, hupanda ndege (alipanda mara moja) bila kumfundisha rubani, na kwamba kitu kinachouzwa kwa mama wa nyumbani hakina haki ya kumdai maneno ya wahandisi. Aliyetengeneza mashine ndiye ajifunze lugha ya watu, si watu wajifunze lugha ya mashine. Wengi walitikisa vichwa, wakaona karani ana akili.

Mfanyabiashara mmoja wa samaki wa moshi, mtu wa Isangi, hakukubali. Yeye alisema abiria wa pirogi halazimiki kujua kupiga kasia, hilo sawa, lakini maji yakiingia kila mtu hushika bakuli. Kuna mtu amewahi kukaa katikati ya mto akisema kutoa maji ni kazi ya mwenye pirogi? Watu wakacheka, wakahamia upande wake. Yannick akajibu kwamba bakuli kila mtu analo nyumbani, wala haliandikwi Kiingereza, nao wakacheka tena, wakarudi.

Félicité alikuwa akipita na sinia la vikombe. Kila kicheko kilimchoma. Alijua wanamsema yeye, kwa upole, kama watu wanavyomsema mwenye nyumba akiwa karibu. Aliyemaliza mjadala ni tantine Berthe, dada mdogo wa marehemu, mwanamke mwembamba asiyependa kurudia neno.

"Munabishana juu ya mashine," alisema. "Kaka yangu iko ku morgue. Tonton Évariste anafika Jumamosi na lokole yake. Atapiga nini?"

Tonton Évariste alikuwa mpigaji wa Yanonge aliyebaki. Mikono anayo, lakini jina hili hakulijua, maana Zacharie aliondoka kijijini Évariste angali mtoto. Alishatuma neno kwamba wamsikilizishe mara moja tu, itamtosha. Na kuahirisha mazishi hakukuwezekana. Morgue, chumba cha maiti, hailazi mtu bure, na mchango wa ukoo ulikuwa umeishia kwenye jeneza. Félicité alimwomba tantine ajaribu kukumbuka. Berthe aliolewa mdogo akaondoka kwao. Aligonga kidole mezani mara chache, sauti za mwanzo za jina, akarudia zilezile, kidole kikasimama. Akakificha kwenye kitenge.

Alhamisi Hugues alipatikana kwa simu. Alikuwa Yahuma, ambako alitengeneza kompyuta na redio za vituo vya afya, na mtandao wa huko hupatikana juu ya kilima kimoja tu. Daraja lilikuwa limevunjwa na mvua, pikipiki hazipiti, na mtoto wa kiume wa marehemu alijua kwamba hatamzika baba yake. Alilia kwanza. Félicité alimwacha alie, huku akiogopa salio la simu litaisha, na akajichukia kwa kuogopa hivyo.

Ndipo akamweleza. Hugues akamwambia amsomee kilichoandikwa. Félicité hajui Kiingereza, akamtajia herufi mojamoja, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka mdogo wake akamkatiza, akimwita ya, kama huku wanavyomwita dada mkubwa.

"Basi, ya Félicité. Inatosha. Haikufa, unasikia? Inaomba tu ruhusa ijitengeneze. Mustari moja. Nakutumia ku message, unaandika vile iko, unabonyeza."

Ujumbe ulifika: fsck -y /dev/sda1. Félicité aliusoma mara nyingi, midomo ikitembea. Akakaa, akavuta pumzi, akaandika kwa kidole kimoja. Herufi nne za mwanzo zilitokea vizuri. Akabonyeza kistari, kioo kikaandika sita. Akafuta. Akabonyeza tena kistari, kwa uangalifu, akikiangalia kitufe kwa macho yake mawili, na sita ikarudi. Mkwaju, ule mstari ulioinama, ulitokea ukiwa mshale. Alipobonyeza a, ikaja q. Akamwita Yannick aone, naye akajaribu kwa nguvu zaidi, kama vile kitufe ni kiziwi, akapata q yake.

Baadaye Hugues alieleza kwamba mashine ikiwa katika hali ile husahau kuwa kibodi yake ni ya Kifaransa, na vitufe vinabadilishana kazi. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Wakati ule Félicité aliona tu kwamba anasema hivi na mashine inasikia vile. Akampigia Hugues. Sauti ya mwanamke wa kampuni ikamwambia kwa Kifaransa kizuri kwamba mtu huyo hapatikani. Akapiga tena, na tena. Akauacha mstari na sita zake na mishale, akabonyeza, labda mashine itaelewa nia. Ikamjibu kwa mistari mingine ya Kiingereza.

Alikaa pale na mikono mapajani. Mtu mzima, mwenye mafundi wanafunzi wawili na wateja mpaka Makiso, katikati ya mji, aliona aibu mbele ya kitu kisicho na macho. Akakumbuka kwamba lokole nayo aliisikia utoto wake wote, likizo zote za Yanonge, na hakuwahi kuuliza inasema nini. Aliiona ni kelele za wazee. Sasa kelele mbili zilikuwa zimemfungia mlango, na huruma aliyokuwa nayo kwa nafsi yake ilichanganyika na hasira mpaka akashindwa kulia.

Ijumaa asubuhi aliifunga kompyuta kwenye kitenge, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, kwenda Makiso, kwa Dady. Huyu ni fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Si mtu mbaya, na hili lisemwe mapema, kwa sababu baadaye Yannick alimwita majina mabaya. Lakini alijifunza kazi jinsi mafundi wote wa mji huu walivyojifunza, na dawa yao ni moja. Simu ikiwa nzito, wana-formater, yaani wanafuta yote waanze upya. Kompyuta ikizubaa, wana-formater. Hata wateja hufika wakiwa wamejipimia ugonjwa, wanasema tu, nifanyie formatage.

Félicité alikuwa na akili ya kutosha kumwambia kabla hajagusa. Alisema ndani kuna sauti ya baba yake aliyekufa, ya kuzikiwa kesho, na hiyo ndiyo anayoitaka, mengine yakipotea yapotee. Dady alimpa pole, akavua kofia. Akasema hatagusa kitu. Atatoa diski, ataichomeka kwenye mashine yake mwenyewe, yenye mfumo unaotumiwa na watu wote, atainakili sauti kwanza. Mpango ulikuwa mzuri. Félicité alikaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano mabega yake yakashuka.

Diski ilichomekwa. Kwenye kioo cha Dady, chenye picha ya maua, kikatokea kidirisha cheupe. Kiliandikwa Kifaransa safi, herufi nzuri. Kilisema ni lazima kui-formater diski kabla ya kuitumia, na kiliuliza kama wanataka. Chini kulikuwa na vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa.

Dady alijikuna shingo. Diski ya mfumo kama ule hakuwahi kuichomeka. Hakujua kwamba mashine yake haina uwezo wa kuisoma, na kwamba kitu isichoweza kukisoma hukiita kitupu.

"Mama, inaomba ruhusa," alisema. "Bila ile, haitafungula."

"Na sauti?"

"Bon, naona inataka kuitengeneza kwanza. Juu courant ya umeme iliipiga. Kisha itatuonyesha bile biko ndani."

Félicité aliinama akasoma mwenyewe. Neno formater alilielewa, na lilimgusa. Lakini Hugues naye alisema mashine inaomba tu ruhusa ijitengeneze. Ni maneno yaleyale. Na hii ilikuwa ikiomba kwa adabu, kwa lugha aliyosomea shule, haikumrushia q na mishale. Mtu aliyetukanwa siku mbili humwamini wa kwanza kumwamkia.

"Alors, tia oui," alisema.

Haikuchukua muda. Diski ilifunguka, nyeupe, safi, haina kitu. Dady alibofya hapa, akabofya pale. Kisha akaacha kubofya. Félicité alimwomba arudishe nyuma. Alimwomba kwa sauti ndogo, kama mteja anayeomba kupunguziwa bei, na Dady akasema haina kurudi. Akasema pengine umeme ulishaifuta tangu Jumatano. Hakuamini mwenyewe alichokisema, na macho yake yalionyesha.

Kwa aibu, akataka kufidia. Akaweka ule mfumo wa watu wote bila malipo, na juu yake akamwaga nyimbo za dini na filamu nyingi, kama wafanyavyo mafundi kwa mteja wanayemheshimu. Félicité hakuwa na nguvu ya kumkataza. Hakujua hata kama kulikuwa na sababu ya kumkataza.

Sababu aliipata jioni, Hugues alipopanda tena kilima chake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja, kama fundi baada ya formatage aliongeza kitu chochote.

"Filme," Félicité alisema. "Na ba cantiques."

Hugues hakumgombeza. Alisema diski iliyofutwa hivi hivi yeye angeitafuta, angeipata sauti hata vipande vipande, lakini ikishamwagiwa vitu juu hakuna fundi wala malaika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Ingekuwa afadhali amtukane.

"Ya, siku ile ulikuwa pale," alisema. "Haukukamata hata nusu?"

"Nilikuwa napiga pasi. Na wewe?"

"Mi nilikuwa naangalia simu," Hugues alisema. "Kama inarekodi."

Walimzika papa Zacharie Jumamosi, asubuhi, kwa nyimbo za kanisa na hotuba ya Yannick iliyotaja vyeo vyote vya marehemu. Ilikuwa hotuba nzuri. Toka makaburini ndugu waliteremka mtoni, mahali pirogi zinapofunga, na tonton Évariste akaiweka lokole juu ya mbao mbili. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye soni, suruali yake ya sherehe bado na unyevu wa baleinière, boti ya mbao iliyomleta. Alimtazama tantine Berthe, kisha Félicité, akangoja.

Félicité ilibidi aseme mbele ya watu wote. Alisema jina limepotea. Hakutaja kompyuta, wala umeme, wala Dady. Vijana wa ukoo walimtazama Yannick, wazee wakatazama maji.

Mtu mmoja alipendekeza Évariste apige zile sauti za mwanzo alizozikumbuka Berthe, kisha amalizie anavyoona inafaa, maana nani siku hizi atatambua. Évariste alikataa bila kupandisha sauti.

"Siwezi tunga jina ya mutu. Nikikosea, nitatangaza kifo ya mutu mwengine. Iko muzima ku kwabo, banaanza kumulilia."

Akapiga alichoweza. Alipiga kwamba kuna kifo. Alipiga kwamba ni mwanamume, na kwamba ni wa Yanonge. Akayarudia hayo matatu, na ngoma ilikuwa na sauti kubwa kuliko Félicité alivyoikumbuka, ikavuka maji mpaka upande wa Lubunga. Kila aliporudia, paliposubiriwa jina palikuwa na pengo, kisha akaanza upya. Tantine Berthe alifunika uso. Félicité alisimama wima na kusikiliza, safari hii kwa masikio yote, na hakukuwa na kitu cha kukariri.

Watu walianza kupanda kurudi nyumbani, ambako chakula kilikuwa tayari. Yeye alibaki kumsaidia Évariste kuifunga lokole. Ndipo pirogi moja ikaja ikikata maji kutoka upande wa pili, na ndani yake mzee peke yake, nyavu zikiwa bado zinachuruzika. Hakushuka. Alishika nguzo kwa mkono mmoja, akavua kofia.

"Mama, nasikia lokole. Inasema mutu ya Yanonge. Iko nani?"

"Ni papa yangu," Félicité alisema. "Zacharie."

Mzee alilionja jina lile, akatikisa kichwa.

"Ba Zacharie beko mingi. Jina yake ya lokole?"

Félicité akafungua mdomo. Évariste aliinamia kamba zake.

"Sijue, papa."

Mzee alingoja, kama unavyomngojea mtu anayepapasa mifuko. Alipoona hakuna kinachotoka, akasema ujana wake alivua samaki na rafiki mmoja wa Yanonge, mtu mwema, aliyemwokoa maji yalipompeleka. Majina ya kanisa hawakuitana. Alimjua kwa jina la lokole tu, na kwa miaka mingi amekuwa akisikiliza kama litapigwa.

"Labda njo yeye," alisema. "Labda haiko yeye. Sasa mama, nimulilie ao nisimulilie?"

Mzee akangoja kidogo tena, akampa pole, akavaa kofia, akasukuma pirogi yake kwa kasia akaenda.